Farasi Aliyepewa Zamu Isiyo Yake

Phelista Nanyama alizaliwa Matulo, karibu na Webuye, katika boma ambalo wageni walilifikia kwa kufuata harufu. Baba yake, mzee Wakoli, alifuga nguruwe wakati majirani wote walikuwa watu wa ng'ombe, na kila Jumamosi alichinja mwenyewe na kuuza nyama kando ya barabara. Mafuvu na mataya yalitupwa nyuma ya jikoni, na huko ndiko Phelista alikojifunza kusoma kabla ya kupelekwa shule. Akishika taya alijua huyu alikufa akiwa mchanga, jino lake la mwisho lilikuwa bado limejificha ndani ya mfupa. Huyu alikuwa jike mzee, meno yamesagika mpaka yamekuwa bapa. Baba yake alipenda kumjaribu. Alimletea taya la nguruwe ambaye binti hakumwona akichinjwa, akamwuliza umri wake, na mara nyingi mzee ndiye aliyeinuka pale akitikisa kichwa kwa kushindwa.

Masomo yalikatika kidato cha pili. Alipofika miaka ishirini na mitatu alikuwa Kitale, akipika katika hoteli ya senge yake, dada ya baba, ndipo watafiti waliokuwa wakielekea Turkana kuchimba mifupa ya kale wakaingia kunywa chai na kusema mpishi wao ameugua. Phelista alifunga nguo zake siku hiyo hiyo.

Wiki ya tatu, akitoka kuokota kuni, aliona jino jeusi limelala juu ya changarawe, zito kama jiwe kwa sababu lilikuwa limegeuka jiwe. Akalileta kambini na kusema ni la nguruwe. Mkubwa wa kambi alimkemea kwanza kwa kuliokota bila kuweka alama mahali lilipokuwa, kisha akaligeuza chini ya lenzi na kumwuliza amejuaje kwamba ni la nguruwe. Phelista akajibu kwamba kwao ni nguruwe tu. Msimu uliofuata kambi ilitafuta mpishi mwingine, na yeye akapewa kofia, brashi na mfuko wa vibendera.

Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne. Akazaa binti, Emmy, akamlea nusu Matulo nusu Kitale, na kila msimu wa kiangazi akarudi jangwani. Huko alijifunza jambo lililomkaa moyoni kuliko mengine yote. Mifupa haiji na tarehe. Lakini wanyama wa kale waliingia kwa zamu na kuondoka kwa zamu, na mtu akijua nani aliishi pamoja na nani, anajua amesimama sehemu gani ya wakati. Kulikuwa na kipindi kirefu ambacho Afrika haikuwa na farasi hata mmoja, bali tembo wa ajabu ambao pembe zao zilishuka kutoka kidevuni. Kisha, yapata miaka milioni kumi na moja iliyopita, wakaingia farasi wadogo wa vidole vitatu kutoka Asia. Wakaja nguruwe wakubwa, na kadiri vizazi vilivyopita jino lao la mwisho likazidi kurefuka, maana nyasi zilikuwa zimeenea na nyasi husaga meno. Mwishoni, miaka milioni mbili na kitu iliyopita, akatokea farasi wa kidole kimoja, jamaa wa pundamilia wa leo. Wataalamu walivipa vipindi hivyo majina marefu. Phelista aliviita zamu, kama zamu za askari getini, na jina hilo likashika.

Kambi za kaskazini zilipopungua, aliajiriwa na chama kimoja kilichokuwa na makumbusho madogo ya jamii mjini Kitale. Alipewa stoo ya mifupa na ukuta mmoja mtupu. Ukuta aliugawa zamu saba, kila moja na rangi yake, akachora wanyama kwa mkono wake mwenyewe. Walimu walileta watoto kutoka Kiminini, Kimilili hadi Bungoma, na Phelista aliwatembeza kutoka upande wa kushoto hadi kulia akiwaambia nani ameingia na nani ameaga.

Mvua kubwa ya mwaka wa elfu mbili ishirini na nne ilibomoa kingo nyingi za Mlima Elgon. Juu ya Kapsokwony, mkulima mmoja aitwaye Kimutai alipoteza kipande cha shamba la vitunguu kilichoteremka bondeni na kuacha korongo lenye kuta nyekundu. Alipokuwa akichimba mtaro wa kuelekeza maji aliona vitu vinavyong'aa. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amempeleka mtoto wake kuuona ukuta wa Phelista, kwa hiyo alipiga simu.

"Mama, hii mlima imetoa meno," alisema.

Phelista alipanda kwa pikipiki siku iliyofuata, akashuka mahali pikipiki iliposhindwa, akamalizia kwa miguu. Hakugusa kitu mpaka alipopiga picha na kupima. Kisha akapiga magoti matopeni na kusafisha jino la kwanza kwa mate na kidole. Lilikuwa jino la juu la farasi. Katika meno ya juu ya farasi wa vidole vitatu kuna duara dogo la gamba gumu lililosimama peke yake, kama kisiwa. Katika hili kisiwa kilikuwa kimeungana na nchi kavu. Kidole kimoja. Hatua mbili kando yake kulikuwa na jino la mwisho la nguruwe, refu kuliko kidole chake cha kati, lenye nguzo nyingi zilizobanana. Alikaa chini palepale. Kimutai alidhani amechoka akamletea maji, kumbe mama wa watu alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. Alimwambia kwamba korongo lake ni la zamu ya mwisho au ya pili kutoka mwisho, miaka milioni mbili hivi, haizidi mbili na nusu.

Kiongozi wa utafiti wa chama hicho alikuwa Daktari Ndirangu, mtu wa bidii aliyekuja Kitale kila mwezi kutoka Nairobi na ambaye bila yeye makumbusho hayangekuwa na paa. Alimtuma mtaalamu kijana wa miamba, Jepchirchir, kuchukua mchanga wa korongo. Mchanga ulipelekwa maabara ya ng'ambo ambako punje ndogo za volkano hupimwa umri. Mwezi wa Novemba jibu likaja: miaka milioni kumi na sita.

Ndirangu hakulala kwa furaha. Farasi wa miaka milioni kumi na sita barani Afrika. Vitabu vyote vingeandikwa upya, tena kwa jina la korongo la Kapsokwony. Akaagiza bango kubwa lenye picha ya farasi, liandikwe kwamba huyu ndiye farasi mkongwe kuliko wote Afrika, na akapanga hafla mjini Bungoma ya kulizindua mbele ya walimu na maofisa. Akamwambia Phelista achore farasi huyo kwenye zamu ya pili ya ukuta wake, miongoni mwa tembo wa pembe za kidevuni, na aandike vibandiko vya meno yale kwa tarehe mpya.

Phelista alikataa. Hakupandisha sauti. Aliweka yale meno mawili juu ya meza, akaweka na lenzi, akamwomba daktari aangalie.

"Mama Phelista," Ndirangu akasema, "mashine haina mapenzi na mtu. Imesema kumi na sita."

"Mashine imesema ukweli, Daktari. Lakini imeulizwa mchanga. Haijaulizwa jino."

Ndirangu akamweleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mzazi aliyekuja shuleni kulalamika, kwamba meno yanaweza kudanganya, kwamba hakuna anayejua kila farasi aliyewahi kuishi. Phelista akakubali kwamba hakuna anayejua. Lakini farasi huyu, akasema, hayuko peke yake, ameandamana na nguruwe, na nguruwe naye ni wa zamu ileile. Wageni wawili hawawezi kukosea mlango mmoja kwa miaka milioni kumi na nne. Daktari akamwambia afikirie kazi yake. Akajibu kwamba kazi yake ndiyo anayoifikiria.

Emmy, binti yake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Bungoma, na habari zilimfikia kabla mama yake hajampigia. Alikuja Jumapili na mkate, akakaa jikoni, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye shida yenyewe.

"Mayi, si uandike tu? Ni kakaratasi kadogo. Nani atasoma?"

Phelista alikuwa anachambua mboga za sukuma. Hakuacha.

"Wewe ndio utasoma," alisema. "Halafu utafundisha watoto wa watu."

Emmy akavuta kisu, akaanza kukata mkate.

Hafla ilifanyika mwezi wa Februari katika ukumbi mmoja mjini Bungoma. Ukumbi ulijaa: walimu, maofisa wa elimu, wachungaji wawili, wazazi waliokuja kwa sababu ya soda. Bango lilikuwa limefunikwa shuka jeupe. Ndirangu alizungumza vizuri, kama kawaida yake, akaondoa shuka, watu wakapiga makofi. Kisha akamtambulisha "mama yetu, aliyeanza kama mpishi na leo ndiye aliyeona jino hili kwanza," na akamwomba asimame aonyeshe jino, basi. Hakukuwa na mahali pa hotuba yake kwenye ratiba.

Phelista alisimama, akainua jino. Akaugeukia ukumbi.

"Jino ni langu kuona, ni kweli. Kimutai wa Kapsokwony ndiye aliona mbele yangu, yuko pale nyuma. Lakini hiyo tarehe kwa bango sikubaliani nayo. Hii jino si ya miaka milioni kumi na sita."

Mwalimu mmoja wa historia, Kizito, aliyekuwa mstari wa mbele na kalamu mkononi, akauliza kwa heshima ni kwa nini maabara ikosee. Phelista akamwuliza kama analijua kanisa lao la Matulo. Kizito akasema analijua. Akamwuliza lilijengwa lini. Mwaka wa elfu mbili kumi na moja, Kizito akasema, yeye mwenyewe alikuwepo siku ya kufunguliwa.

"Matofali yake tulitoa wapi?"

"Kwa ile stoo ya mahindi ya zamani iliyobomolewa."

"Stoo ya wakati wa mkoloni. Sasa mtu akija apime tofali, ataambiwa kanisa lina miaka sabini na kitu. Tofali halijadanganya. Lakini sisi tuliolijenga hilo kanisa tunajua."

Akaeleza kwamba Mlima Elgon ni volkano ya kale sana, na kila mvua hubomoa mwamba wake na kuuteremsha. Mchanga wa korongo ni matofali ya mlima. Mnyama alikufa juzi, kwa hesabu za mlima, akazikwa katika mchanga wa kale. Akamaliza, akamrudishia Ndirangu jino mbele ya watu wote, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji mmoja alikohoa. Ndirangu, uso umekauka, akaendelea na ratiba.

Wiki iliyofuata Phelista alipata barua ya kusimamishwa kazi kwa miezi mitatu kwa kosa la kuvuruga hafla na kukiaibisha chama. Alirudisha funguo za stoo, akahesabu trei moja moja mbele ya shahidi ili asije akaambiwa amebeba kitu, akarudi Matulo. Kijijini walijua tayari. Wengine walisema amejipeleka pabaya kugombana na mtu mwenye digrii tatu. Kina mama wa kanisa walimwuliza waziwazi kama ni kweli alimwita daktari mwongo. Akawaambia hakumwita mwongo, alimwita mwenye haraka, na kwamba wakitaka kusikia yote wakae. Walikaa. Walipoinuka, nusu yao walikuwa upande wake, na nusu nyingine walisema miaka milioni mbili nayo ni mingi mno kwa mtu aliyeokoka. Phelista aliwaambia hilo nalo wakitaka wabishane, yuko tayari.

Siku ya kumi na nne alikuja mgeni ambaye hakumtarajia. Alikuwa Jepchirchir, ameshuka pikipiki barabarani na kutembea hadi bomani, mkoba kifuani. Alikataa chai mara mbili kabla ya kuikubali. Kisha akasema lililomleta. Alipotazama mchanga ule kwa hadubini kabla ya kuutuma, aliona punje zake ni za mviringo, laini, kama kokoto za mto. Majivu yaliyoanguka kutoka angani huwa na kingo kali. Punje hizi zilikuwa zimesafiri na maji. Aliliandika hilo kwenye taarifa yake kwa mstari mmoja, chini kabisa, na Ndirangu alipouruka mstari ule, yeye akanyamaza.

"Niliogopa, Mama," akasema. "Wewe uliposimama kule Bungoma nilikuwa nimekaa nyuma. Niliona aibu sana."

Phelista angeweza kumwumiza hapo, na sehemu ya moyo wake ilitaka. Badala yake alimwuliza kibali cha kuchimba kiko kwa jina la nani. Jepchirchir akasema kiko kwa jina lake. Phelista akaingia ndani akatoka na viatu vyake vya jangwani.

Walichimba siku sita mwezi wa Machi, wakikimbizana na mvua, Kimutai na mkewe wakiwabebea udongo. Walisafisha ukuta wa korongo mpaka tabaka likaonekana wazi kama ukingo wa keki. Ndani ya tabaka, pamoja na mchanga, kulikuwa na mawe ya mviringo ya mwamba wa mlima, makubwa kama ngumi. Jepchirchir akayatia machache kwenye mkoba wake kwa uangalifu. Siku ya tano Phelista alipata alichokuwa anakitafuta: nusu ya taya la nguruwe, jino refu la mwisho likiwa bado limekaa mahali pake. Taya jembamba lisingeweza kubingirishwa na maji bila kuvunjika. Huyu alikufa pale pale, tabaka lilipokuwa likijengeka. Phelista alimwita Jepchirchir, wakalitazama pamoja, huku mke wa Kimutai akiuliza ni kitu gani na kama kina madhara.

Mawe yale yalipelekwa maabara ileile. Jibu lilichukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo muda wa adhabu ulikwisha na Phelista hakuitwa kazini. Hakwenda kuuliza. Alikuwa na mihogo ya kupalilia. Kizito na walimu wenzake walianza kumwalika shuleni kwao, akawa anakwenda na kitambaa kirefu alichokichora zamu zote saba, akakitandaza uwanjani na watoto wakatembea juu yake bila viatu.

Jibu lilipokuja lilikuwa miaka milioni kumi na sita kasoro kidogo. Yaani jiwe la mlima na mchanga wa korongo vilikuwa na umri mmoja. Mchanga ulikuwa mtoto wa jiwe. Ulikuwa unasema habari za mlima, na haukuwa na neno lolote la kusema juu ya farasi. Taya la nguruwe ndilo lililobaki kutoa tarehe, na wataalamu wawili wa nguruwe wa kale, waliotumiwa picha bila kuambiwa limetoka wapi, kila mmoja kwa wakati wake akajibu: zaidi kidogo ya miaka milioni mbili.

Ndirangu alikaa na taarifa hiyo wiki nzima. Kisha akaja Kitale, na wanasema alilishusha mwenyewe lile bango lililotundikwa makumbusho baada ya hafla, akakataa kusaidiwa ngazi. Siku hiyo hiyo akateremka hadi Matulo. Walizungumza uani, kila mmoja kwenye kiti chake cha plastiki. Alikiri kwamba alikuwa amekosea, na alikiri vizuri, bila kuzunguka. Lakini kamati ya chama, akasema, ilitaka jambo moja dogo ili kumrudisha kazini: aandike barua ya kuomba msamaha kwa namna alivyozungumza hadharani, si kwa alichozungumza.

"Daktari, wewe uliniuliza faraghani nikakujibu faraghani," Phelista akasema. "Hukusikia. Ungenipa nafasi gani nyingine?"

Ndirangu akasema angalau mistari miwili tu, kwa ajili ya kamati.

"Hata mmoja sina."

Alimsindikiza hadi getini kwa adabu zote, akampa papai, akarudi kupalilia. Emmy alipopata habari hakumwambia mama aandike. Alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

Kamati ilishikilia msimamo wake hadi Agosti. Wakati huo shule za Bungoma zilikuwa zimeacha kuleta watoto Kitale. Walimu waliandika kwamba hawawezi kuja mpaka mwenye ukuta awepo. Mwishowe mkataba mpya ukatumwa bila neno la msamaha, lakini cheo kilichoandikwa kilikuwa msaidizi wa jumla. Phelista alikata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: mtambuzi wa wanyama wa kale. Akaurudisha bila kutia sahihi. Ulikaa huko siku ishirini na tisa. Uliporudi ulikuwa umechapwa upya kama alivyotaka, ndipo akatia sahihi.

Mwezi uliofuata taarifa kamili ya korongo la Kapsokwony ilitayarishwa kuchapishwa. Ilikuwa na majina matatu ya waandishi, Jepchirchir, Phelista na Ndirangu, na shukrani za pekee kwa Kimutai na mkewe, Phanice. Jepchirchir alimtumia nakala kwenye simu akisubiri kusifiwa. Phelista aliisoma yote, taratibu, kisha akampigia. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa F.

Jepchirchir akasema pole, lakini kurasa zimekwisha kupangwa, na kwa matamshi ni mamoja. Phelista akamwambia kitambulisho chake kimeandikwa kwa P na H, ubatizo wake vilevile, na kwamba atasubiri kwenye laini wakati yeye Jepchirchir anawapigia wachapishaji kwa simu nyingine. Akaweka simu juu ya meza, akawasha sauti ya nje, na akaendelea kupanga meno kwenye trei mpaka aliposikia kwamba limerekebishwa.